Gari la Jiwe

Mwanzoni mwa mwaka 2023 halmashauri ya Maria Wörth, mji mdogo wa watalii ulio kando ya ziwa la Wörthersee, jimbo la Kärnten, kusini mwa Austria, ilitangaza kwamba mkutano wa wapenzi wa magari uliokuwa ukifanyika katika kijiji chake cha Reifnitz tangu mwaka 1982 umefikia mwisho. Sababu iliyotajwa ilikuwa mazingira: zama zimebadilika, na mji unaojali tabianchi hauwezi kuendelea kuyaalika magari kwa maelfu. Tangazo lilikuja baada ya miaka mitatu ya kimya, kwani janga la korona lilikwisha kuufuta mkutano wa 2020, wa 2021 na wa 2022. Mji ulionja utulivu, ukaupenda.

Haki ya mwenye nyumba kufunga mlango wake haina mjadala. Chenye mjadala ni hukumu inayofuatana na habari za namna hii kila zinapotokea, nayo ni hukumu ya watu wanaojihesabu kuwa walinzi wa utamaduni. Wao husema kwamba hapakupotea kitu. Walikuwa vijana wenye kofia, bia na mabomba ya moshi yanayopiga kelele. Wamekwenda zao, na ziwa limerudishiwa heshima yake. Hukumu hiyo ni ya haraka, na ikitoka kinywani mwa mtu anayependa ushairi ni ya aibu pia, maana kilichokuwapo Reifnitz, kabla hakijaharibiwa, kilikuwa na udugu wa karibu zaidi na utungo wa vina na mizani kuliko mengi yanayopewa jina la utamaduni siku hizi.

Kwanza ziwa lenyewe. Wörth ni neno la kale la Kijerumani lenye maana ya kisiwa. Na Waslovenia, ambao lugha yao ni ya wenyeji katika jimbo hilo, huuita mji huo Otok, yaani kisiwa vilevile. Kanisa la hija la Maria Wörth lilijengwa juu ya mwamba uliozungukwa na maji. Baadaye maji yakashuka, kisiwa kikawa rasi, jina likabaki peke yake kushuhudia yaliyokuwapo. (Msomaji wa visiwani hatakosa kutabasamu.) Kingo za ziwa hilo zimepata wageni wakubwa. Johannes Brahms alikaa Pörtschach majira ya joto ya miaka 1877 hadi 1879. Gustav Mahler alijijengea kibanda msituni huko Maiernigg, upande uleule wa Reifnitz, ili atunge bila kusikia sauti ya mtu. Na Klagenfurt, mji mkuu wa jimbo, mwendo mfupi tu kutoka Reifnitz, ndiko alikozaliwa mshairi Ingeborg Bachmann mwaka 1926, na ndiko linakofanyika tangu mwaka 1977 shindano la waandishi lenye jina lake. Huko mwandishi husoma kazi yake hadharani, kisha waamuzi huichambua palepale, yeye akiwa amekaa mbele yao, na televisheni ikirusha kila neno.

Hapo ndipo walinzi wa utamaduni hupenda kusimama: ziwa la Mahler halikustahili magari aina ya Golf. Lakini Mahler naye alikuwa mgeni wa majira ya joto. Alikuja kama wajavyo watalii wote, katika nchi iliyofunguliwa na reli, akanunua kipande cha ukimya kwa fedha alizozichuma kwenye jumba la opera la Vienna. Huu si ubaya. Ila mtu asijifanye kuwa utalii wa mwenye piano ni utamaduni na utalii wa mwenye spana ni uchafu, bila kwanza kutazama mikono ya kila mmoja inafanya nini.

Ama kuhusu spana, habari ilianza hivi. Mwezi Mei mwaka 1982, wakati msimu wa watalii haujapamba moto, mwenyeji mmoja wa Reifnitz, Erwin Neuwirth, aliwaalika wenye magari ya Volkswagen Golf GTI wakutane kijijini kwake. Yalifika magari mia moja hivi. Hapakuwa na jukwaa. Kulikuwa na ziwa, barabara moja nyembamba, na watu ambao majumbani kwao walionekana wana wazimu kidogo, wakagundua kwamba wazimu huo una wenzake.

Gari lenyewe lilikuwa limezaliwa kwa namna inayofanana na mkutano huo. Golf ya kwanza, umbo lake likiwa kazi ya Mtaliano Giorgetto Giugiaro, ilitoka mwaka 1974 kama gari la watu wa kawaida: fupi, la pembe, lisilo na majivuno. Mwaka uliotangulia mhandisi Alfons Löwenberg alikuwa amewaandikia wenzake kiwandani kuwashauri watengeneze gari la kasi ambalo mfanyakazi wa kawaida angeweza kulinunua. Wengi walinyamaza. Wachache, akiwamo Anton Konrad, mkuu wa idara ya habari, walilifanyia kazi wazo hilo chini kwa chini, bila agizo la wakubwa. Lilipoonyeshwa Frankfurt mwaka 1975, likaingia madukani mwaka 1976 likiwa na nguvu za farasi 110, kiwanda kilitarajia kutengeneza magari 5,000 tu. Ya toleo hilo la kwanza yalitengenezwa zaidi ya 450,000. Na mwanamke mmoja wa idara ya rangi na vitambaa, Gunhild Liljequist, ndiye aliyeyavisha viti vya nguo ya mirabaraba ya Kiskoti na kuweka mpira wa gofu juu ya mkono wa gia. Mpira wa gofu! Ni mzaha wa jina, wa aina ambayo mshairi yeyote wa mafumbo angetamani kuuwahi.

Basi kijana fundi wa mwaka 1982 alikuwa na nini mkononi? Alikuwa na gari ambalo majirani wote wanalo. Hakuwa na fedha za kununua jingine. Na hapa ndipo sanaa inapoanza, kwa maana sanaa hii ina sharti ambalo mtu wa nje halioni: umbo ni la wote, nalo haliruhusiwi kuvunjwa. Anayebandika mabawa makubwa nyuma na taa za rangi saba ameshindwa kabla hajafika, sawa na mtunzi anayeongeza mizani ya kumi na saba kwa sababu ana neno zuri lisilotosha. Mjuzi haongezi, hupunguza. Huondoa nembo, akaziba matundu yake, akanyoosha bodi mpaka kidole kikipita kisihisi kovu. Huondoa vishikio vya milango. Huzificha nyaya zote za injini hata boneti ikifunguliwa kuonekane chuma kilichotulia kama maji ya asubuhi. Kisha hushusha gari. Kushusha ndiko kwenye mizani hasa. Springi hukatwa au hubadilishwa, na rimu, ambazo pengine zilitoka kwenye gari la aina nyingine kabisa na ikabidi zitobolewe upya, hupangwa ili ukingo wake ukae sawa chini ya ukingo wa madigadi, kwa nafasi ya unene wa sarafu. Ikizidi milimita mbili, gari limelegea. Ikipungua milimita mbili, tairi linakwaruza kwenye kila kona. Hakuna anayeweza kumdanganya mwenzake juu ya hizo milimita, kama vile hakuna anayeweza kumdanganya malenga kwa kukiimba kina kibovu haraka haraka.

Rangi nayo ina fikihi yake. Wenye msimamo mkali hawakubali rangi ambayo kiwanda hakikuipaka mwaka ule gari lilipotengenezwa. Wengine huruhusu rangi ya kiwanda kingine, mradi iwe ya zama zilezile. Mabishano juu ya jambo hili hayaishi, wala hayajawahi kumletea mtu hata senti moja. Mtu aliyewahi kukaa kwenye baraza wazee wakishindana kama neno fulani la kale linafaa katika utungo wa leo, au kama ni kujionyesha tu, atayatambua mabishano hayo bila kufasiriwa.

Kazi yote hii hufanywa msimu wa baridi, usiku, baada ya saa za ajira, kwenye gereji za kupangisha. Mei ndipo inapofika mbele ya wenziwe.

Anayehudhuria kwa mara ya kwanza hudhani ataona maonyesho, na badala yake anaona foleni. Magari yanatambaa kwenye barabara ya kusini mwa ziwa, mwendo wa mtu anayetembea, na watu wameweka viti vya kukunja kwenye majani kando ya lami, wanatazama. Namba za magari ni za Uholanzi, za Uswisi, za Italia, za Hungaria. Wengi hawana lugha ya pamoja. Gari linapopita lenye kazi ya kweli, hakuna anayepiga makofi. Kuna anayesimama kutoka kitini. Hiyo tu. Baadaye gari lile linakutwa limeegeshwa kwenye kituo cha mafuta, na yule aliyesimama amepiga magoti ubavuni mwake, shavu karibu na rimu, akionyesha kwa kidole bila kugusa, na mwenye gari anaeleza kwa mikono namna alivyopata nafasi ile. Ni shindano lile la Klagenfurt, ila waamuzi hapa wamewahi kujikata vidole kwa kazi hiyohiyo wanayoihukumu. Haijulikani kama wa Klagenfurt wote wanaweza kusema hivyo.

Sasa kilichoua. Walinzi wa utamaduni husema ni kelele, halmashauri ikasema ni tabianchi. Mwenye kutafuta tarehe ya ugonjwa aanzie mapema zaidi, mwaka 1987, kiwanda kilipozawadia Reifnitz sanamu ya gari la Golf iliyochongwa katika jiwe gumu la itale, uzito wake tani 25. Wote walifurahi. Hakuna aliyeuliza gari la jiwe lina maana gani kwa watu ambao fakhari yao yote ni kwamba gari hubadilika mikononi mwao. Jiwe halishushwi. Jiwe halina springi za kukata wala nembo ya kuondoa. Nembo imo ndani yake, na anachoweza kukifanya mpenzi wa magari mbele yake ni kupiga picha. Mpaka siku ile kiwanda kilikuwa muuza malighafi, kama muuza karatasi na wino kwa mshairi. Kuanzia siku ile kikawa mwenye shughuli.

Yaliyofuata yaliongozana kwa mantiki yake. Majukwaa yakaja, mahema ya kampuni yakaja, wasanii wa muziki wakaja. Mwaka 2007 kiwanda kilileta Golf ya maonyesho yenye injini ya silinda 12 na nguvu za farasi 650, injini ikiwa imewekwa nyuma ya viti. Ilikuwa maajabu ya uhandisi, na hapana ubishi kwamba waliyoitengeneza walikuwa na mzaha ndani yao. Lakini kijana aliyekesha miezi sita akihangaika na milimita zake angefanya nini mbele ya kitu kile? Angetazama. Umati ukakua hadi idadi zilizotajwa zikavuka watu 100,000, katika mji wenye wakazi wapatao 1,500, na wengi wa hao 100,000 walikuja kutazama, si kuonyesha. Mikono ya mtazamaji haina kazi. Hana kazi ya kusomewa, hana mwenzake wa kumpigia magoti, na bado anataka athibitishe kwamba alikuwapo. Amebakiwa na mguu na pedali. Ndipo mpira wa tairi unapochomwa kwenye lami hadi moshi ufunike barabara. Ndipo injini inapochezewa ili bomba lipasue kama bunduki saa nane za usiku chini ya madirisha ya watu waliolala.

Wenyeji waliolalamika walikuwa na haki, tena haki kamili. Wageni walianza kuja wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mkutano, wakaenea hadi Velden na hadi ziwa la jirani la Faaker See, bila mwalikaji na bila wa kuwaaga. Waswahili walikwisha sema juu ya mgeni wa siku ya tatu na jembe lake. Huko hakuna aliyethubutu kuwapa jembe, kwa kuwa hoteli zilikuwa zimejaa mwezi ambao kwa kawaida vyumba huwa vitupu. Na hili ndilo halmashauri isilolitaja inapozungumza juu ya hewa na mazingira: kwa miaka 37, tangu mkutano wa kwanza hadi ule wa 2019, mji uliuza ukimya wake kwa bei nzuri, ukapokea jiwe, ukapokea mahema, ukahesabu vitanda. Hewa ya Kärnten haikuanza kuchafuka mwaka 2023. Kwenye Faaker See hiyohiyo, chini ya halmashauri nyingine lakini chini ya mbingu ileile, mkutano mkubwa wa pikipiki za Harley-Davidson ulioanza mwaka 1998 umeendelea kufanyika kila Septemba hata baada ya tangazo la Maria Wörth. Pikipiki hizo hazitembei kwa maji ya ziwa. Tofauti ni kwamba mwenye Harley kwa kawaida ana umri mkubwa zaidi na pochi nene zaidi, na kelele yake imekwisha pewa daraja la burudani.

Kama halmashauri ingesema, "Tumechoka, tunataka kulala," ingekuwa imesema kweli, na kweli hiyo ingetosha. Tabianchi ni jambo zito mno kuazimwa kama kanzu ya kuvalia siku ya kumfukuza mgeni.

Jina la ziwa hilo, hata hivyo, lilikuwa limekwisha vuka bahari, na safari yake inafaa kutajwa kwa sababu inawachanganya zaidi walinzi wa utamaduni. Kaskazini mwa jimbo la Georgia, Marekani, kando ya mto Chattahoochee, kuna mji wa Helen wenye wakazi wapatao 500. Ulikuwa mji wa wakata mbao. Mbao zikaisha, mji ukaanza kufa. Mwaka 1969 wafanyabiashara wake wakamwendea msanii John Kollock, aliyewahi kukaa Bavaria akiwa askari, akawachorea namna maduka yao ya kawaida yangeonekana kama yangekuwa ya milima ya Alps. Wakajenga kama alivyochora. Mpaka leo sheria ya mji inataka majengo yavae sura hiyo ya Bavaria. Na katika mji huo vijana wa Marekani wenye magari ya Kijerumani walianzisha mkutano wao, wakauita Southern Worthersee, wakaufanya hapo kwa miaka kadhaa kabla ya kuuhamishia Savannah.

Mwenye dharau atacheka: nakala ya mji, nakala ya mkutano, na jina la ziwa lililodondosha nukta zake mbili njiani. Lakini dharau hiyo haijui kazi ya tafsiri. Anayetafsiri hajifanyi kuwa ndiye mtunzi, wala haombi radhi kwa kutokuwa yeye. Anaomba jambo moja: kitu kilichosimama kule kisimame na hapa, kwa vifaa vya hapa. Wale vijana wa Georgia hawakuwa na ziwa, walikuwa na mto. Hawakuwa na Mei ya Austria, walikuwa na joto la kusini. Walikuwa na magari yaleyale, wakayashusha kwa milimita zilezile, wakayaegesha mbele ya maduka yenye roshani za bandia. Mji uliojifasiri wenyewe ukawapokea watu waliokuwa wakifasiri mkutano. Hapana mahali pengine Marekani ambapo wangefaa zaidi. Bandia ingekuwa kama wangeletewa jiwe.

Kiwanda, kwa upande wake, hakikukaa na huzuni muda mrefu. Julai 2024 kilifanya mkutano wake mwenyewe Wolfsburg, mji wa kiwanda, kwa jina la Kiingereza lenye maana ya kurudi nyumbani. Jina hilo ni la kuangaliwa. Nyumbani kwa nani? Gari lilizaliwa Wolfsburg, ndiyo, na hata huko lilizaliwa kwa mlango wa nyuma, mikononi mwa watu ambao wakubwa wao hawakuwatuma. Lakini kazi ile ya usiku kwenye gereji za kupangisha, kazi ya kupunguza na kuficha na kushusha, haikuzaliwa Wolfsburg, wala hairudi huko. Huko inakwenda kutazama.

Na wako waliokataa kwenda. Hata baada ya mlango wa Reifnitz kufungwa, kila majira ya kuchipua magari yameendelea kuingia Kärnten bila mwaliko, safari hii yakisubiriwa na askari wa barabarani na wakaguzi wa ufundi wenye haki ya kung'oa namba za gari lisilotimiza sheria. Miongoni mwao wamo wapiga kelele, nao wanastahili kinachowapata. Wamo pia wale wengine. Mkaguzi huwasimamisha kando ya barabara, huinama, hupima kimo cha gari kutoka kwenye lami, hupima ukingo wa rimu na ukingo wa madigadi, huandika tarakimu kwenye fomu yake. Amepiga magoti ubavuni mwa gari, shavu karibu na rimu, na mwenye gari amesimama nyuma yake akisubiri aambiwe milimita ngapi.